Mwendo Mmoja na Maji

Siku niliyofundishwa adabu na mto, maji yalikuwa yametulia pande zangu zote kama maji ya beseni. Nilikuwa nimekaa kwenye boya, miguu inaning'inia majini, ufito wa kuvulia mkononi, na nzi bandia wangu, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, anaelea hatua kumi hivi mbele ya magoti yangu. Karibu na kiwiko changu cha kushoto palikuwa na jani la manjano. Nililitazama kwa muda mrefu na halikusogea hata upana wa kidole. Nikaona sote tumesimama, mimi, nzi na jani. Kumbe sote watatu tulikuwa tunateremka na mto, na huko tulikokuwa tunakwenda mti mzima ulikuwa umelala majini.

Kwa asiyelijua, boya la kukalia ni kiti cha kitambaa kigumu kilichozungukwa na mirija ya hewa. Mengi ya siku hizi yana umbo la herufi U, mbele wazi. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, unavaa mapezi kama ya mzamiaji, unaingia majini kinyumenyume, kwa sababu ukiwa na mapezi huwezi kutembea kwenda mbele bila kujikwaa, na maji yakifika mapajani unakaa. Mikono inabaki huru kwa ajili ya ufito na miguu inakuwa kasia. Tena ukipiga mapezi, boya haliendi mbele. Linakwenda kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Nakuomba ulishike hilo, maana karibu kila kilichonipata na kila nilichojifunza kilitokana nalo.

Maboya haya yalibuniwa kwa ajili ya maziwa na mabwawa. Langu lilikuwa na maandishi madogo pembeni yakisema lisitumike kwenye maji yanayokwenda. Niliyasoma na nikayapita. Aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia kwamba watu huyatumia mtoni kila siku na hakuna lililowahi kuwapata, na kwa kuwa ndilo jibu nililokuwa nalitafuta, sikuuliza la pili.

Nilikuwa na sababu ya kuutaka mto, na sababu hiyo bado naiona ni ya kweli. Trauti wa mtoni ni samaki anayeishi kwa hesabu. Hukaa ameikabili kasi ya maji, kichwa upande wa juu wa mto, na chakula humjia chenyewe. Lakini kukaa kwenye kasi kunamla nguvu, kwa hiyo hutafuta mahali ambapo maji ya polepole yanapakana na maji ya haraka: nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe ambako maji hujigonga na kupunguza mwendo, chini ya ukingo uliolika, kando ya mstari wa povu. Hapo hupumzika, na mdudu anapopita kwenye kasi humfuata hatua moja, humnyakua na kurudi kwake. Mstari wa povu hasa ni wa kuutazama. Panapopita povu ndipo wanapopita wadudu, maana vyote viwili hubebwa na mkondo uleule.

Mtu mwenye nzi bandia anataka kitu kimoja tu, nacho ni nzi wake abebwe kama wanavyobebwa wale wadudu wa kweli. Jambo hili ni la kale. Kuna maandishi ya enzi za Warumi, ya miaka 1800 hivi iliyopita, yanayosimulia watu wa Makedonia waliokuwa wakizungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya shingo ya jogoo, kwa sababu samaki wa mto wao walimpenda mdudu fulani ambaye hakushikika kwa mkono bila kuharibika. Mimi hufunga nzi wangu usiku, na kila nikizungusha uzi kwenye ndoana nawakumbuka wale watu. Tunahangaikia jambo lilelile.

Adui wa kazi hii ni kukokotwa. Ukisimama ukingoni na kurusha mshipi hadi upande wa pili, mshipi unalala juu ya maji ya kasi mbalimbali. Yale ya katikati, yanayokimbia zaidi, yanaubeba mshipi kabla ya nzi wako, mshipi unajikunja kama upinde, na sekunde tatu baadaye nzi anaanza kuvutwa, anaacha alama ya mkwaruzo juu ya maji. Mdudu wa kweli hafanyi hivyo. Trauti huinuka, humfuata kidogo akimkagua, kisha hugeuka na kuzama. Unaweza kuuinua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mto ili kununua muda kidogo. Nimefanya hivyo miaka mingi, na muda unaoununua ni mita nne, tano.

Sasa keti kwenye boya. Wewe, mshipi na nzi mko kwenye maji mamoja na mnakwenda mwendo mmoja. Hakuna anayemvuta mwenzake. Siku yangu ya kwanza mtoni nzi wangu alielea bila kukokotwa mpaka nikachoka kumngoja, mita arubaini au zaidi, kando kabisa ya mstari wa povu. Halafu pua ikatokea. Haikurusha maji. Ilikuwa pua tu, kijivu, imefunguka kidogo, ikamfunika nzi na kurudi chini, na ikaacha duara. Nililitazama lile duara likipanuka na nikaona nalo linateremka pamoja nasi, halikubaki pale samaki alipoinukia. Nilipoinua ufito mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Alikuwa trauti wa upinde wa mvua, ule mstari wa waridi ubavuni ukiwaka kama umepakwa asubuhi ileile, na alipofika kwenye kinyavu sikuhitaji kuinama hata kidogo. Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye usawa wa maji yake.

Kuna faida nyingine niliyoielewa baadaye. Trauti akitazama juu, ulimwengu wa nje humfikia kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo, uso wa maji humrudishia picha ya sakafu ya mto kama kioo. Mtu aliyesimama huingia kwenye duara lile akiwa bado mbali. Aliyekaa chini kabisa kwenye boya huweza kusogea karibu sana kabla hajaonekana. Miguu yake samaki anaweza kuiona, ndiyo maana nikikaribia huiacha itulie. Gharama yake ni kwamba kurusha kunakuwa kazi. Ukiwa chini hivyo, mshipi unaourusha nyuma hugonga maji. Nilibadilisha ufito wa futi 9 nikachukua wa futi 10, na nikajifunza kuuviringisha mshipi kwenda mbele badala ya kuutupa nyuma kwanza. Mita nane au kumi zinatosha. Anayetaka kurusha mbali asimame nchi kavu.

Basi nilijiona nimeupata ufunguo. Msimu mzima niliteremka na maji nikiwatazama nzi wangu, na sikuwahi kukaa na kujiuliza ni nini hasa kinachofanya maji yaonekane yametulia. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Yalionekana yametulia kwa sababu nilikuwa nakwenda nayo. Kilekile kinachomdanganya trauti kuhusu nzi ndicho kilichokuwa kinanidanganya mimi kuhusu mto.

Asubuhi ya mti ilikuwa ya mawingu, wadudu wakitoka kwa wingi, wale wenye mabawa yanayosimama kama tanga la jahazi. Ukingoni alikuwepo mzee mmoja ambaye ndiye aliyenifundisha kuvua. Yeye boya hakuwahi kulipanda, huvua akitembea. Kipande kile cha mto nilikuwa nimekipita wiki mbili kabla, na hapakuwa na mti. Katikati ya wiki hizo mvua zilikuwa zimenyesha na ukingo ukamomonyoka. Mti ukaanguka na majani yake mabichi, shina ukingoni, matawi hadi karibu katikati ya mto. Mimi sikukitembea kile kipande kwanza. Nilidhani nakijua.

Samaki alimeza, akakimbilia upande wa juu wa mto. Nikamgeukia. Mshipi ukalegea, nikapiga mapezi kwa nguvu ili ukaze, na hapa kumbuka lile nililokuomba ulishike: nikipiga mapezi nakwenda kinyumenyume. Uso wangu ulielekea upande wa juu wa mto, mgongo wangu upande wa chini. Kila nilipopiga nilijiongezea kasi juu ya kasi ya maji, nikielekea nisikokuona. Na bado maji yaliyonizunguka yalikuwa kama ya beseni.

"Mgongoni!" mzee alipiga kelele. "Mgongoni kwako!"

Nilipogeuza shingo ulibaki umbali wa urefu wa chumba. Nikajizungusha, ubavu wangu ukaupiga mti. Na mara boya liliposimama, mto ukaanza kukimbia. Sijui kulisema hilo vizuri zaidi. Maji yaliyokuwa yamelala saa nzima yaliamka kwa mara moja, yakanisukuma ubavuni kwa uzito ambao sikuwahi kuudhania, yakipita kwenye matawi kwa mlio wa kufyonza. Mti ulioanguka mtoni hauzuii maji. Unayachuja, na mtu ndiye anayebaki kwenye chujio. Msukumo wenyewe nao hauongezeki kwa kipimo ulichozoea. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, ndiyo maana maji yanayoonekana ya wastani yanaweza kumbana mtu mzima asijikwamue.

Mwili ulitaka kuukimbia mti, nikaegemea upande maji yalikotoka. Ukingo ule wa boya ukadidimia, maji yakaanza kuupanda. Nilihisi kiti kinageuka chini yangu.

"Ukumbatie!" mzee alikuwa anakuja mbio. "Ukumbatie mti, mwanangu!"

Ilikuwa ni kinyume cha kila kitu nilichotaka kufanya. Nikajitupa kifua juu ya tawi, ukingo wa juu wa boya ukainuka, maji yakapita chini. Nikapata pumzi. Lakini mguu wa kulia haukunifuata. Pezi lilikuwa limeingia kati ya matawi mawili chini ya maji, na kila nilipovuta lilizidi kujibana, maana pezi ni pana, linaingia kirahisi na halitoki. Nikapeleka mkono chini, nikapapasa kisigino, nikaufikia mkanda, nikauvuta ukafunguka. Mguu ukatoka, pezi likabaki. Tawi kwa tawi nikajivuta kuelekea ukingoni mpaka mzee akaninyooshea mpini wa kinyavu chake.

Jaketi la kuokolea lilikuwa limefungwa nyuma ya kiti, kavu. Nilikuwa nimelibeba bila kulivaa.

Mzee hakunigombeza. Aliketi kwenye nyasi kando yangu, akangoja meno yangu yaache kugongana.

"Mzee," nikamwambia, "sikuona kabisa kwamba nakwenda."

"Huwezi kuona ukitazama maji," akasema. "Maji hayakwambii. Ukingo ndio unaokwambia. Mara ya mwisho kuutazama ukingo ilikuwa lini?"

Sikukumbuka. Na hilo ndilo nililoondoka nalo siku ile: ukiwa ndani ya boya, mto husomwa nchi kavu. Siku hizi nikiteremka huchagua kitu ukingoni, mzizi, jiwe au kichaka, na kukitazama kila baada ya pumzi chache, hata samaki akiwa kwenye ndoana. Hasa samaki akiwa kwenye ndoana.

Kilichobadilika zaidi ni ninavyokaa. Sasa huteremka nikitazama upande wa chini wa mto. Mgongo ukiwa upande maji yanakotoka, kila pigo la mapezi linanirudisha juu, yaani linanipunguzia kasi, na macho yangu yanaona niendako. Nikitaka kufika ukingoni sipambani na mto moja kwa moja. Naulekeza mgongo kwa mshazari, nusu juu ya mto na nusu kwenye ukingo ninaoutaka, napiga mapezi, na maji yenyewe yananisaidia kuvuka. Nilifanya mazoezi haya siku nyingi bila ufito, kwenye maji mafupi yasiyo na kitu mbele, mpaka miguu ikazoea kuyafanya bila kuulizwa. Ningeyafanya kabla ya kuvua, jeraha la begani nililolipata kwenye mti ule ningelikosa.

Na kabla ya yote natembea. Kipande chote nitakachoteremka, natembea ukingoni kutoka chini kwenda juu siku hiyohiyo, hata kama nilikuwepo jana. Natafuta miti, kingo zilizobomoka, mahali maji yanapopinda na kubana, na mahali pa kutokea. Pa kutokea huwa pawili: ninapokusudia kutoka, na mahali pengine kabla ya hapo, upande wa juu, endapo nitachoka au samaki atanichelewesha. Kisha natupa kijiti majini na kutembea sambamba nacho. Kikinizidi mwendo wangu wa polepole, boya linabaki limekunjwa na ninavua kwa miguu. Kipimo hiki hakikuandikwa popote, ni changu, lakini kimenirudisha nyumbani na boya kavu mara nyingi na sijajuta. Mto mwingi haufai kwa boya. Nasema hivi nikilipenda boya langu: vinavyofaa ni vilindi virefu vya polepole vyenye mwisho unaojulikana, basi.

Kuhusu nanga, kwa kuwa naulizwa sana na wenzangu. Ziwani ni kitu kizuri. Mtoni inakufanyia kwa makusudi kile mti ulichonifanyia kwa bahati mbaya: inakusimamisha, na mara moja mto wote unaanza kukusukuma, huku kamba ikiuvuta ukingo wa boya chini. Sitaki hata kuiona kwenye begi. Vilevile sijifungi chochote mkononi, wala kamba ya ufito. Ufito ukienda, uende. Mapezi yangu sasa yana mikanda ninayoweza kuifungua kwa mkono mmoja nikiwa nimefumba macho, na nimejaribu kweli nikiwa nimefumba.

Watu huogopa ile suruali ya mpira kwamba ikijaa maji itakuzamisha. Haiko hivyo. Maji yaliyomo ndani hayana uzito wa kukuvuta chini ukiwa bado majini, uzito unakuja pale unapojaribu kutoka. Lakini yakiingia yanakufanya mzito wa kusogea, na yanakuja na baridi, kwa hiyo mkanda wa kiunoni naufunga na kuukaza kabla sijavaa kitu kingine. Jaketi ninalivaa juu. Hewa ya boya naikagua mara ya pili baada ya kuliweka majini, maana mirija iliyojazwa juani hulegea ikigusa maji baridi. Nikitoka na kuliacha juani napunguza hewa kidogo, isije ikavimba na kupasua mshono.

Baridi nayo ina elimu yake. Maji huondoa joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na trauti hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi, yaani maji yanayompendeza yeye ndiyo yanayokumaliza wewe. Wanaofundisha uokoaji husema ukitumbukia kwenye maji baridi sana una dakika 1 ya kutawala pumzi yako, dakika 10 za viungo kukutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Dakika zile 10 ndizo nilizotumia kufungua mkanda wa pezi, na tayari vidole vilikuwa vimeanza kukataa. Nikivua siku hizi, dalili yangu ni vidole vya miguu. Nikikosa kuhisi pezi linavyopinda nikipiga, natoka, hata kama wadudu ndio kwanza wanatoka.

Lakini miguu ile ile iliyonasa kwenye matawi ndiyo iliyonifundisha kuvua chini ya maji, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, maana ni jambo la raha. Trauti hula chakula chake kingi chini, mabuu wanaobebwa karibu na mawe, kabla hawajapanda na kuwa wadudu wenye mabawa. Nilikuwa nikitumia buu bandia mwenye uzito wa kumzamisha na sipati kitu, ilhali juu ya maji napata. Sikuelewa. Nilikuwa nakwenda mwendo mmoja na maji, sivyo? Siku moja kwenye maji ya kufika kiunoni nikaona miguu yangu inavutwa nyuma polepole, kana kwamba mtu ameishika vifundo. Juu, kwenye mapaja, maji yalikuwa yananisukuma. Chini, kwenye mapezi, yalikuwa yanachelewa. Maji ya karibu na sakafu hujikwaruza kwenye mawe na kupunguza mwendo, na yale ya juu huyapita. Kwa hiyo boya langu, likifuata maji ya juu, lilikuwa linamkokota buu wangu kule chini. Kukokotwa kulekule, ila nisikokuona.

Nikaanza kupiga mapezi taratibu sana, mgongo upande wa juu wa mto, mapigo madogo ya kutoka kifundoni, mpaka mshipi ulioingia majini ukasimama wima badala ya kulala. Nilipoona umesimama nilijua mimi na buu tumelingana. Samaki wa tatu alikuja kwa kusita tu: mshipi ulitulia ilhali jani kando yake linaendelea. Nikainua, na palikuwa na uhai upande wa pili. Alikuwa trauti wa kahawia, mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe, tumbo la rangi ya siagi. Tangu siku ile nasikiliza kwa miguu. Sakafu ikipanda nahisi kabla sijaona, maji ya vifundoni hubadilika, na mara nyingi juu kidogo ya mahali pale pana samaki.

Nikimpata simtoi majini. Ndoana zangu nimezibonyeza meno, zinatoka kwa kupinda kidole. Nalowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu huondoa ule ute unaomkinga na maradhi. Namshika tu chini ya tumbo, kichwa kikiikabili kasi ndogo iliyopo, mpaka aondoke kwa nguvu yake. Kipimajoto kinaning'inia kwenye boya. Kikifika nyuzi 20 naacha kuvua, maana maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana humo anaweza kuogelea akaenda zake na kufa baadaye mahali nisipomwona. Na kwenye changarawe safi wanakotaga siingii kabisa. Pezi moja likipita chini linafukua mayai ya msimu mzima.

Mzee bado anatembea ukingoni. Mwezi uliopita tuliteremka pamoja kile kilindi, yeye juu ya nyasi na mimi majini, tukilingana. Mti ule umeshasombwa na mafuriko, umebaki mzizi. Pa kutokea nilikuwa nimepawekea alama, jiwe jeupe, na nilipolikaribia nikaona pua inainuka mita kumi chini yake, kando ya povu. Ikainuka tena. Alikuwa samaki mkubwa, mabega yake yalionekana.

"Umemwona?" mzee akaniuliza.

"Nimemwona."

Nikautazama ukingo, nikaukunja mshipi, nikaelekeza mgongo kwa mshazari na kupiga mapezi mpaka visigino vikagusa changarawe. Nilipokuwa nimeinama navua mapezi nikasikia ameinuka mara ya tatu. Mzee alikuwa ameshaanza kushuka ukingoni, amepinda mgongo, ufito ameushika nyuma yake, anachagua pa kusimama.